Breki za Nasemba

Fundi Shekiondo alitengeneza baiskeli za milimani kwa miaka thelathini huko Lushoto, mpaka alipotimiza sitini na spana zake zikafutiwa kibali. Siku hizi kila kipuri huitambua spana inayokigusa. Isiyo na kibali ikigusa hata nati moja, baiskeli hujifunga mwaka mzima.

Asubuhi hiyo binti yake Nasemba, mkunga, alikuwa akijiandaa kuteremka zahanati. Mzee aliinama, akazipapasa breki za baiskeli ya bintiye.

"Pedi zimekwisha, mwanangu. Chuma kinasaga chuma."

"Najua, baba. Fundi mwenye kibali amenipangia baada ya wiki tisa."

"Pedi mpya ninazo kabatini. Ni kazi ya dakika tano tu."

"Na ikijifunga, wajawazito wa kule chini nitawafikiaje?"

Shekiondo alimfunga mkanda wa kofia kidevuni, kama vile bado ni mtoto.

"Teremka taratibu."

"Nitajitahidi, baba."

Alibaki mlangoni akisikiliza. Breki zililia kwenye kona ya kwanza, zikalia kwenye ya pili. Kila siku alizisikia zikilia na kwenye ya tatu, iliyo kali kuliko zote. Leo alisubiri, akasubiri, asisikie kitu.