Hifadhidata ya Langoni

"Faili haionekani," kompyuta ilijibu kwa mara ya tisa, na Annika Lehtonen akaipiga meza kwa kiganja hadi kahawa ikamwagika.

"Imesemaje?" baba yake, Reino, akauliza kwenye simu.

"Vilevile, baba. Maktaba, lile faili saidizi, nimeisakinisha, programu inadai haioni. Na iko hapo hapo, naiona kwa macho yangu."

"Iondoe. Weka toleo la zamani."

"Jana uliniambia niondoe la zamani niweke jipya."

Simu ikatoa mlio. Dakika za mfungwa zilikuwa zinakaribia kwisha.

Reino alikuwa na mwaka wa pili gerezani. Alikiri mwenyewe mbele ya hakimu kwamba ndiye aliyemgonga mwendesha baiskeli kwa gari mchana mmoja mjini Thunder Bay, akamuua na kukimbia. Kwa kuwa alikiri, hakuna aliyehangaika kuchunguza. Annika hakuamini hata siku moja. Baba yake hakuwa mtu wa kutoka kazini kabla ya saa kumi na moja. Kiwanda cha milango alikotunza kompyuta kilipofungwa, mwenyewe, kabla ya kwenda gerezani, alimpa Annika diski yenye kumbukumbu zote za langoni za walioingia na kutoka, aitunze. Ili kuisoma, kompyuta yake ya Linux ilihitaji maktaba moja ndogo tu ya kuongea na hifadhidata.

Wiki tatu sasa. Anaelekezwa na mtu aliyeijenga hifadhidata ile kwa mikono yake, na bado inagoma.

"Labda diski imeharibika," Reino alisema. "Usijitese, mwanangu. Mama yako hajambo? Anakula?"

"Hajambo. Baba, mwache mama kwanza. Nitajie toleo."

"La biti thelathini na mbili. Ni lile lile siku zote."

Simu ikakatika.

Mama yake, Helvi, alikuwa jikoni akikata mkate wa iliki. "Mwache baba yako apumzike," akasema bila kugeuka. "Wewe nawe ukishika jambo huachi."

Annika alikasirika hadi machozi yakamlenga. Akafuta kila alichoelekezwa kuweka, akafungua maelezo ya programu, akasoma mstari kwa mstari. Programu ilikuwa ya biti sitini na nne. Maktaba aliyotajiwa, ya thelathini na mbili, isingeonekana nayo hata angeisakinisha mara mia. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelijua hilo. Mzee amesahau, akawaza. Gereza linamla akili.

Akaweka ya sitini na nne. Hifadhidata ikafunguka.

Aliandika tarehe ya ajali. Kadi ya Reino Lehtonen: kuingia, saa moja asubuhi, kutoka, saa kumi na moja jioni. Ajali ilitokea saa nane na nusu mchana. Annika akaziba mdomo asije akapiga kelele za furaha.

Kisha akaona mstari wa chini yake. Mgeni: Helvi Lehtonen. Saa saba na dakika hamsini mchana. Sababu: kuchukua ufunguo wa gari kwa mumewe.

Kesho yake simu ilipolia, mama alikuwa amesimama kando ya meza na sahani ya mkate.

"Imefunguka?" Reino akauliza.

Annika alimtazama mama yake, mama naye akaitazama sahani.

"Bado inakataa, baba."

Na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, akamsikia baba yake akishusha pumzi.