Mstari wa Utosini

Baba Mastura alikuwa amemshika sululu, ndege wa ufukweni, aliyenaswa alfajiri, akiupima kwa kijiti mdomo wake uliopinda. Moyo wa ndege ulimpiga vidoleni.

Sululu wa pwani ya Kigombe ni wa aina mbili. Mkubwa, wa mdomo mrefu, alikwisha kumkausha kwa ajili ya Mzungu wa makumbusho. Mdogo alikuwa hajampata msimu mzima, na Mzungu anasafiri wiki hii.

"Mdomo mfupi," alisema. "Huenda ndiye."

Mkewe alisimama kando na kisu. Chumbani binti yao, Mastura, alikuwa amejifungua jana. Kuku wote walikwisha kufa kwa ugonjwa wa kideri.

"Mchinje, mwanao apate supu. Ngozi mpe Mzungu wako."

"Hataki koo lililokatwa. Ndege wake hubanwa kifua mpaka afe."

"Huo si mzoga? Kwani aliyezaa ni Mzungu?"

Alikiweka kijiti chini. Kinda la sululu mkubwa nalo lina mdomo mfupi, na siku moja lilimdanganya. Hakika iko utosini: mdogo ana mstari mweupe katikati, mkubwa hana.

Akapuliza manyoya taratibu. Yakagawanyika. Mstari ulikuwepo, mwembamba, umenyooka kama njia ya nywele iliyochanwa.

Akapuliza tena, akautazama kwa muda mrefu.

"Enhe, ni yupi?" mkewe aliuliza.

Akayalaza manyoya kwa kidole gumba, akamgeuza ndege kuelekea kibla.

"Ni kinda la yule mkubwa," alisema. "Lete kisu. Kesho nitatega tena."