Mkono wa Amani

Tangu parokia ituvishe bangili, hakuna kudanganya kanisani. Padre akisema, "Tutakiane amani," tunashikana mikono. Ukiwa na kinyongo, bangili yako inawaka nyekundu, na hukomuniki: hostia inakupita.

Mwaka mzima yangu iliwaka nyekundu kila nilipomshika Severini, mume wangu. Yule mwanamke wake anaimba kwaya, sauti ya kwanza, bangili yake kijani tupu. Jumuiya ilinijia nyumbani na rozari: "Mama Bertila, samehe. Unatutia aibu." Severini na mwenzake hakuna aliyewagusa.

Leo yangu imewaka kijani. Vigelegele vikapigwa, Severini akalia, akaninong'oneza, "Asante, mke wangu."

Nikakomunika. Kumsamehe, sijamsamehe. Nilipomshika mkono, nilikuwa nawaza maharage niliyoyaacha motoni.