Siku Tatu Quito

Yvette aliisukuma simu ya rafiki yake hadi chini ya mfuko wa unga wa ugali, akaukunja mfuko, akanawa mikono na kurudi sebuleni akitabasamu.

"Chai inachemka, Mama Brice. Tuendelee. Ijumaa ndiyo tunafika, si ndiyo?"

"Ijumaa," alisema Pulchérie. "Tunafika, tunalala."

Walikuwa nyumbani kwa Pulchérie, ghorofa ya kumi na mbili, Etobicoke, ughaibuni, na theluji ilikuwa ikianguka tangu asubuhi. Kwa mwezi mzima wanawake hawa wawili wa Butembo walikuwa wakipanga safari moja: siku tatu Quito, mji mkuu wa Ekuador, kutembea na kuwaona watoto wao. Brice wa Pulchérie na Carmel wa Yvette walikuwa wakifundisha Kiingereza huko, na walikuwa wamechumbiana. Mama zao walikwisha kuanza kuitana wakwe, na kugombana kama wakwe.

Leo hawakugombana.

Asubuhi hiyo Pasta Darius alikuwa amempigia Yvette simu. Gari la abiria lilikuwa limetumbukia bondeni nje ya Quito, na Brice alikuwa ndani. Amefariki.

"Na Carmel?" Yvette aliuliza.

Carmel hakupanda, pasta alisema. Amepewa dawa ya kumtuliza, amelala, asipigiwe simu. Sasa Yvette aende akakae na Pulchérie, asimwache peke yake, mpaka yeye amlete Eustache, mume wa Pulchérie, kutoka kiwandani Richmond Hill.

Yvette alimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale jikoni kwake. Kisha akaona haya, haya ya kutaka kujipiga makofi.

Kwao ndivyo ilivyo. Mama haambiwi kifo cha mwanawe kwa simu, wala akiwa peke yake. Kwanza watu wakusanyike, wa kumshika wawepo, pasta aombe, ndipo neno litoke. Kabla ya hapo kila mtu hudanganya, hata mchungaji, na hakuna anayeita hiyo dhambi.

Kwa hiyo Yvette alidanganya kwa bidii.

"Jumamosi tuanze na ile kanisa kubwa yenye minara. Halafu tupande lile gari la kamba mpaka juu mlimani."

Yvette huyu hufumba macho hata kwenye lifti ya jengo lile. Siku nyingine Pulchérie angemcheka mpaka atokwe na machozi. Leo alisema tu, "Tutapanda, ma chère. Nitakushika mkono."

Kisha akapapasa mezani. "Simu yangu siioni. Nipe yako, tuangalie picha."

Yvette akampa haraka, asije akaanza kuitafuta. Waliangalia picha mbili: uwanja wenye njiwa, na sanamu ya Bikira Maria mwenye mabawa. Pulchérie hakuirudisha. Ilipotetemeka aliizima bila hata kuitazama, akaikalia.

"Watu wanapenda kusumbua Jumamosi," alisema.

Yvette alishusha pumzi. Kila ujumbe ungeweza kuwa wa rambirambi.

"Jumapili iko ya ule mstari wa ikweta," Pulchérie aliendelea. "Kwetu tulikuwa tunauruka kila siku bila kujua. Brice alisema atatusimamisha pale, mguu mmoja huku, mwingine kule, atupige picha. Unamjua na picha zake."

Namna alivyolitaja jina hilo, kwa raha kabisa, ilimchoma Yvette kifuani. "Na Carmel atatupeleka kula," Yvette alisema, ili aseme kitu.

Pulchérie aliinuka ghafla kwenda kuangalia chai.

Yvette alimfuata kwa macho, na ndipo alipoizingatia sufuria jikoni: ile ya sherehe, imejaa wali mpaka kifuniko kimeinuka.

"Mama Brice, mbona umepika hivi? Nani atakula vyote?"

"Kichwa changu tu, nimekosea kipimo. Wewe kula. Toka ufike hujatia kitu mdomoni."

Alimletea sahani, akasimama karibu naye mpaka alipomeza kijiko cha kwanza. Yvette alikula ili kumridhisha. Alimtazama yule mwanamke aliyemlea Carmel pamoja naye katika kambi ya wakimbizi, aliyemfundisha kuvaa buti za theluji, na akataka kulia kwa uchungu. Muda mfupi tu ulikuwa umebaki wa rafiki yake kuwa mama mwenye furaha. Laiti angeweza kuurefusha.

"Siku tatu ni chache," alisema. "Tuongeze."

"Tuongeze," Pulchérie alijibu, na macho yake yakajaa machozi. "Ongeza unavyotaka, dada yangu. Mimi niko."

Yvette akadhani ni hamu ya safari.

Lifti ilifunguka. Ikasikika miguu mingi kwenye korido, bila sauti ya mtu hata mmoja. Mlango haukuwa umefungwa. Aliingia Pasta Darius, akafuata Eustache na sare yake ya kiwandani, akishindwa kumtazama mkewe, kisha akina mama wa kanisa, wengine wametoka moja kwa moja kwenye kazi yao ya kulea wazee. Hawakusalimia. Waligawanyika: nusu wakasimama nyuma ya Pulchérie, nusu wakaja nyuma ya kiti cha Yvette.

Yvette hakuwa na nafasi ya kushangaa. Wakati wake ulikuwa umefika. Aliinuka amshike rafiki yake kabla hajaanguka.

Mikono ya Pulchérie ilimfikia kwanza.

"Jikaze, Mama Carmel," alimnong'oneza, akimkumbatia kwa nguvu zake zote. "Pasta aliniambia habari ya mtoto wako tangu alfajiri."