Kitabu Kimoja cha Ngumbaru

Kivuko kilikuwa kimeshaachia ukingo wa Garsen, wanaume wakivuta kamba, mama muuza maziwa alipotokea mbio.

"Gunga! We mzee wa kusahau! Fimbo yako darasani!"

Akaitupa. Gunga akaidaka kwa mkono mmoja. Wa pili ulibana kitabu chini ya shuka, kitabu pekee cha darasa la ngumbaru. Walikisoma wakikizunguka mkekani, na mama huyu, aliyekaa upande wa pili wa kitabu, alijifunza maneno yote kichwa chini.

Maji yalikuwa bado membamba. Angeweza kumrushia kitabu.

"Kesho uwahi, zamu yako kusoma!"

"Nitawahi, dada."

Gunga alipata ukarani Malindi. Darasa, bila kitabu, lilivunjika. Yule mama aliuza maziwa hadi uzeeni. Kila karatasi aliyopewa, aliigeuza kichwa chini kwanza.