Harufu ya Fungo

Zamani wanyama walipokuwa wakialikana harusi, Fungo peke yake hakupata mwaliko. "Ananuka yule," alisema Bi Swala, mjivuni wa mtaa, ambaye hakuwahi kumsogelea hata siku moja. Neno hilo lilimkaa Fungo rohoni.

Bi Swala alipomwoza binti yake, Fungo akaenda hivyohivyo, akapiga hodi. Bi Swala akatoka amejipaka marashi tele, akaziba pua.

"Rudi ulikotoka! Utatuharibia shughuli."

Fungo akavuta pumzi, akaitambua harufu yake mwenyewe. "Umejipaka nini, Bi Swala?"

"Zabadi, marashi ya waungwana. Kaniletea Kanga."

Kanga, asiyejua kuficha neno, akaropoka, "Nimeyakwangua kwenye kisiki cha Fungo, pale anapojisugua kila asubuhi!"

Wageni wote wakamgeukia Bi Swala. Akashusha kwato puani, akachekacheka. "Kumbe ananukia! Karibu ndani, Bwana Fungo, ukae mbele."

"Sikai," alisema Fungo. "Sasa hivi nilikuwa nanuka, mara nanukia, na wala sijaoga!"

Akaenda zake. Tangu siku hiyo hujisugua mahali Kanga asipopajua, na Bi Swala huenda harusini akinuka Swala.