Kilo Nane na Robo

Kwa mara ya kumi na tisa katika miezi minane Beldina alimpokea mtoto aliyevuliwa nguo, nyuma ya pazia, akampakata, akafumba macho, akasema, "Kilo nane na robo." Na kwa mara ya kumi na tisa, upande wa pili wa pazia, mshale wa mizani ulisimama palepale.

Mativo, karani mkuu wa utafiti, aliiandika hesabu ile. Alikuwa na siku hiyo moja tu. Daktari Nyamai, mwenye utafiti, alimwambia asubuhi bila kuupamba usemi: "Mama huyu ama anaiona mizani, ama ananong'onezwa. Jioni nijulishe anaibaje hesabu. La sivyo namfukuza, na makadirio yake ya miezi minane nayatupa."

Halikuwa jambo la mzaha. Dawa ya mtoto hutolewa kwa kadiri ya kilo zake: ikizidi humdhuru, ikipunjwa haimfai. Na ziko zahanati ndogo zisizo na mizani. Ndiyo maana, tangu Januari ya mwaka ule wa 1981, wanawake watatu walikaa katika ukumbi wa mtaa wa Shauri Moyo wakipakata watoto wa watu na kuwakadiria, kabla hawajapimwa.

Mativo alikuwa mcha Mungu, akichelea mno kumdhulumu mtu katika jambo la mizani. Alikwisha kujaribu kila njia. Alitundika pazia la pili. Alizificha kadi za kliniki. Aliwabadilisha wapimaji. Mizani yenyewe aliitundikia pakiti za unga, akaiona ni ya haki. Mwizi hakumwona.

"Mama Kageha," Okumu, mmoja wa wapimaji, alimtania Beldina wakati wa chai, "hebu nipakate na mimi unikadirie."

"Wewe? Tukishaondoa maneno, zitabaki kilo ngapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mativo hakucheka. Alimvuta Beldina kando.

"Mama, nieleze ukweli. Unajuaje?"

"Nawalinganisha na Kageha wangu, bwana karani. Anayemzidi, naongeza. Asiyemfikia, naondoa. Sina siri nyingine."

"Daktari hatalikubali hilo."

"Basi nifukuzeni. Lakini msiniite mwizi."

Jioni, ukumbi ulipokwisha kufagiwa, Beldina aliketi kwenye benchi karibu na mlango, kikapu mapajani, akingoja hukumu. Mativo alizitandaza karatasi za miraba mezani, moja kwa kila mwezi, akaanza kutia nukta: uzito aliousema Beldina, na uzito uliosemwa na mizani.

Aliishangaa picha iliyojichora. Watoto wa kilo sita Beldina aliwakosea kwa kilo nzima. Wa kilo kumi na mbili aliwakosea kupita hapo. Lakini kila walipoikaribia kilo nane na robo kosa lilipungua, likapungua, hata likatoweka. Mwizi wa hesabu angeziiba zote, asingechagua moja.

Mativo akainuka na karatasi ya Januari mkononi, uso umemkunjuka.

"Mama Kageha, umeokoka! Hukuiba kitu. Nyumbani kwako yuko mtoto wa kilo nane na robo, unamwinua asubuhi na jioni, mikono imemhifadhi kama aya." Akamwonyesha nukta. "Tazama, ndiye huyu. Mlete kesho tumpime mbele ya daktari. Mshale ukisimama hapa, maneno yamekwisha, na kazi yako iko palepale."

Beldina aliigusa nukta ile kwa ncha ya kidole.

"Uzito wake si umeshauandika, bwana karani?"

"Huu ni wa Januari," Mativo alisema akitabasamu. "Mtoto hukua, mama."

"Na huo wa Agosti unasemaje?"

Mativo akaichukua karatasi ya Agosti, akaipachika juu ya ile ya Januari, akaziinua zote mbili dirishani penye mwanga. Nukta mbili za kilo nane na robo zikaangukiana, zikawa moja.

Alipogeuka, Beldina alikuwa amekiweka kikapu chini, mikono mitupu ameikunja kifuani.

"Walimpima asubuhi ya mwisho, pale hospitalini," alisema. "Kesho yake nikambeba kwa miguu hadi makaburini. Mikono hii haijamtua."